Sukari Kabla ya Kisu

Ndugu msomaji, mazungumzo yangu ya wiki hii yanatoka Bujonde, wilayani Kyela, kwenye ile tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa yenye mpunga, migomba, michikichi na kakao. Huko watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali moja, na wote waliliuliza kwa uchungu. Walisema hivi: tulimpeleka mgonjwa wetu hospitali kwa ajili ya kichwa. Tukaambiwa ana uvimbe ndani ya ubongo na anatakiwa kupasuliwa. Halafu tukaambiwa tusubiri kwanza, kwa sababu ana kisukari na sukari yake iko juu. Sasa kichwa na sukari vinahusiana nini?

Swali hili ni la haki. Kutoka Kyela hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 100, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800. Familia imeuza mpunga, imekopa kwa jirani, imepanda basi na mgonjwa anayetapika njia nzima, imefika, na sasa inaambiwa isubiri. Wapo wanaodhani wanapigwa danadana. Wapo wanaonong'ona kwamba labda mtu fulani anataka chai. Na wapo wanaomtoa mgonjwa wao wodini na kurudi naye nyumbani, wakamtafutie mganga wa jadi, na habari zake zinaishia hapo.

Mimi si daktari. Nilichosomea ni uandishi wa habari, na kazi yangu ya miaka yote imekuwa kuuliza jambo lilianzia wapi. Kwa hiyo nimelichukua swali la watu wa Bujonde nikalifuata nyuma, na nimekuta kwamba jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka 170. Ni historia inayostahili kujulikana na kila mwenye ndugu anayepima sukari, awe Bujonde, awe Kariakoo.

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Daktari anayepasua ubongo wa mtu mwenye kisukari anaishi katikati ya methali hizo mbili. Akiharakisha, sukari inaweza kumuua mgonjwa ambaye kisu kimemwokoa. Akichelewa, uvimbe unaendelea kukua ndani ya fuvu, na fuvu ni mfupa, halitanuki. Historia yote nitakayoisimulia hapa ni ya madaktari waliokuwa wakitafuta mahali pa kusimama kati ya haraka na kuchelewa.

Tuanze na kichwa na sukari. Mwaka 1849 mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, alichoma kwa sindano sehemu ya chini ya ubongo wa sungura. Baada ya muda mfupi mkojo wa yule sungura ukawa na sukari. Hakuwa amelishwa sukari, wala hakuwa na ugonjwa wowote. Ubongo umeguswa, sukari imepanda. Miaka 40 baadaye, mwaka 1889, madaktari wawili, Joseph von Mering na Oskar Minkowski, walimtoa mbwa kongosho katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Wajerumani, na mbwa huyo akapata kisukari. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kongosho ndilo linalotawala sukari ya mwili. Lakini jambo la Bernard halikufutika: ubongo nao una kauli yake katika sukari. Kwa hiyo anayeuliza kichwa na sukari vinahusiana nini ajue kwamba vilionekana kuwa na uhusiano kabla ya bendera ya Mjerumani kupandishwa katika pwani yetu.

Sasa tuje kwenye kisu. Tarehe 25 Novemba 1884, mjini London, daktari mpasuaji Rickman Godlee alimfungua fuvu kijana wa miaka 25, akamtoa uvimbe ndani ya ubongo. Ulikuwa miongoni mwa upasuaji wa kwanza wa aina hiyo duniani katika tiba ya kisasa. Uvimbe ulitoka. Kijana akaamka, akazungumza. Kila mtu akaona muujiza. Lakini kidonda kikaingia vijidudu, vikafika kwenye utando wa ubongo, na wiki nne baada ya upasuaji kijana akafariki dunia. Hakuuawa na uvimbe, wala na kisu chenyewe. Aliuawa na maambukizi.

Naomba msomaji uliweke jambo hilo akilini, kwa maana hapo ndipo kisukari kinapoingilia. Damu yenye sukari nyingi hudhoofisha chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na kidonda cha mwenye sukari ya juu huchelewa kufunga. Sisi sote tumemwona mzee aliyejikwaa kidole cha mguu akaishia kukatwa mguu. Sasa fikiri kidonda cha namna hiyo kiwe juu ya ubongo. Mguu unaweza kukatwa mtu akabaki hai. Kichwa hakina pa kukatia.

Katika miaka hiyo ya kijana wa London, wenye kisukari hawakuwa na tiba. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Dk. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mjini Kampala, aliandika mwaka 1901 kwamba kisukari kilikuwa nadra kuonekana Uganda, lakini kiliua sana. Hali ilikuwa hivyo hivyo Ulaya na Marekani. Tiba iliyokuwapo ilikuwa ni kumshindisha mgonjwa na njaa ili sukari ishuke, naye akaishi miezi kadhaa zaidi akiwa amebaki mifupa. Mpasuaji mwenye busara alimwogopa mgonjwa wa namna hiyo. Kumchana mwenye kisukari, hata jipu tu, kulikuwa ni kucheza na kifo.

Mambo yalibadilika mwezi Januari 1922 katika mji wa Toronto, Kanada. Kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakaribia kufa kwa kisukari, alichomwa sindano ya insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Dawa ikasafishwa upya, akachomwa tena, na sukari ikashuka. Mwaka uliofuata wagunduzi wakaiuza haki ya dawa hiyo kwa chuo kikuu chao kwa dola moja moja, ili isije ikawa mali ya mtu mmoja. Kuanzia hapo mwenye kisukari aliweza kuandaliwa kwa upasuaji kama mtu mwingine, mradi daktari ajue sukari yake ilipo na aisimamie.

Katika miaka hiyo hiyo, mji wa Boston nchini Marekani ulikuwa na mabingwa wawili. Mmoja ni Elliott Joslin, bingwa wa kisukari, aliyewafundisha wagonjwa wenyewe kupima na kuandika sukari yao. Wa pili ni Harvey Cushing, ambaye wengi humwita baba wa upasuaji wa ubongo. Kufikia Aprili 1931 Cushing alikuwa ametimiza wagonjwa 2,000 wa uvimbe wa ubongo aliowapasua, na vifo ambavyo mwanzoni vilikuwa vingi vikawa vimepungua mno. Silaha yake kubwa haikuwa wepesi wa mkono. Alifanya kazi taratibu, alizuia damu kwa uangalifu, na alidai shinikizo la damu la mgonjwa lipimwe na kuandikwa wakati wote wa upasuaji, wakati wenzake wengi waliona ni kupoteza muda.

Cushing ndiye pia aliyeeleza jambo ambalo familia nyingi hazijalisikia. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo inayolingana na punje ya harage. Tezi hiyo ikiota uvimbe, inaweza kumwaga homoni nyingi kupita kiasi, na homoni hizo zikamletea mtu kisukari ambacho hakuwa nacho. Wengine viganja, miguu na taya zao hukua wakiwa watu wazima, kofia na viatu vinakataa kuwaingia. Wengine uso huwa wa mviringo na tumbo linajaa huku mikono na miguu ikisinyaa. Bernardo Houssay wa Argentina, aliyeonyesha kwa wanyama namna tezi hiyo inavyoongoza sukari, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kwa hiyo wako wagonjwa ambao sukari yao ni mtoto wa uvimbe wao. Kwa hao, uvimbe ukitolewa, sukari inaweza kutulia. Hata hivyo, nao pia huandaliwa kwanza.

Ndugu msomaji, sasa tumefika mwaka 1961, na hapa ndipo kiini cha mazungumzo haya kilipo. Mtu mwenye uvimbe kwenye ubongo hasumbuliwi na uvimbe peke yake. Ubongo unaozunguka uvimbe hujaa maji, ukavimba, na mara nyingi maji hayo ndiyo yanayoleta kichwa kikali cha alfajiri, kutapika, macho kufifia na usingizi usio wa kawaida. Zamani wagonjwa wengi walikufa kwa sababu hiyo, kabla ya kisu au siku chache baada yake. Mwaka huo wa 1961, Joseph Galicich na Lyle French wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza kwamba dawa iitwayo deksamethasoni hupunguza maji hayo. Mgonjwa aliyekuwa hajitambui aliweza kuamka katika muda wa siku moja au mbili. Vifo vikapungua. Hadi leo dawa hiyo hutumika ulimwenguni kote, na ni rahisi kwa bei. Hata hospitali zetu za wilaya zinaifahamu.

Lakini dawa hiyo hiyo hupandisha sukari. Huliambia ini litoe sukari zaidi, na huufanya mwili uisikie insulini kwa shida. Mtu asiye na kisukari anaweza kukipata akiwa wodini. Aliyekuwa nacho kidogo, kinachotulizwa na vidonge, sukari yake inaweza kupanda mara mbili ndani ya siku chache. Hapa ndipo penye fundo. Dawa inayomlinda ubongo ndiyo inayomchochea kisukari. Ukiinyima, ubongo unavimba. Ukiitoa bila kuangalia sukari, kidonda kitaoza, figo zitaelemewa, na mgonjwa anaweza hata kupata degedege kwa sababu ya sukari yenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa anapofika na sukari ya 9, akapewa dawa ya kichwa, na siku tatu baadaye akaambiwa sukari imefika 18, hakuna aliyemroga na hakuna aliyekosea kusoma mashine. Ni dawa imefanya kazi zake zote mbili. Familia inapaswa kuelezwa jambo hili siku dawa inapoanza, kwa Kiswahili cha kawaida, na si kuachwa ikaligundua yenyewe kwa hofu.

Mtu anaweza kusema: basi sukari ishushwe kabisa, iwe chini kama ya mtu mzima wa afya, kisha apasuliwe. Madaktari nao waliwahi kufikiri hivyo. Mwaka 2001 Dk. Greet Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wa wagonjwa mahututi 1,548, wengi wao waliotoka kwenye upasuaji. Waliobanwa sukari kwa insulini hadi ikafikia kiwango cha mtu mwenye afya walikufa asilimia 4.6 wakiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na wasiobanwa hivyo asilimia 8. Dunia nzima ikashangilia, na hospitali nyingi zikaanza kuibana sukari.

Mwaka 2009 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 6,104, ulioongozwa kutoka Australia na New Zealand. Majibu yakawa kinyume. Waliobanwa sana walikufa asilimia 27.5 katika siku 90. Walioachiwa sukari hadi 10 walikufa asilimia 24.9. Sababu mojawapo iliyotiliwa shaka ni sukari kushuka kupita kiasi. Na hapo ubongo ndio unaoumia kuliko kiungo chochote. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nguvu yote ya mwili, na nguvu hiyo huitoa hasa kwenye sukari ya damu. Hauna ghala kubwa. Sukari ikikatika, ubongo unazimika kama taa ya chemli iliyokaukiwa mafuta.

Aidha, mgonjwa aliye kwenye nusu kaputi hawezi kusema anatetemeka au anaona giza. Na aliyetoka kupasuliwa kichwa akichelewa kuamka, daktari hana budi kujiuliza: ni damu imevuja ndani ya fuvu, au ni sukari imeshuka? Tone moja la damu kidoleni linaweza kuokoa saa nzima ya kubahatisha. Ndiyo maana muuguzi huja kumchoma mgonjwa kidole kila baada ya muda mfupi, mchana na usiku, na ndugu wakalalamika kwamba anateswa. Hateswi, analindwa.

Baada ya majaribio hayo, mwelekeo wa madaktari wengi leo ni wa katikati: sukari ikae takribani kati ya 6 na 10 kwa kipimo kinachotumika katika hospitali zetu, isipande sana na isishuke sana. Na hata baada ya kidonda kupona, sukari inabaki na kauli. Watafiti wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walichapisha mwaka 2008 na 2009 kwamba wagonjwa wa aina mbaya ya saratani ya ubongo ambao sukari yao ilibaki juu waliishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Hilo halithibitishi kwamba sukari peke yake ndiyo iliyowaua, maana walio wagonjwa zaidi mara nyingi hupewa dawa nyingi zaidi zinazopandisha sukari. Lakini linatosha kumzuia mtu asiidharau.

Tukirudi nyumbani, historia yetu wenyewe si ndefu, lakini ipo. Kitengo cha upasuaji wa ubongo kilianzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1969 na Dk. Ian Bailey, na mwaka 1971 kikashikwa na Dk. Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kubobea katika fani hiyo. Hapa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, maarufu kama MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na ndiyo imekuwa kituo kikuu cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo nchini. Katika miaka ya karibuni madaktari wake wamekuwa wakitoa hata uvimbe wa ile tezi ya chini ya ubongo kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu.

Kwa upande wa kisukari, kliniki ya wagonjwa hao iliimarishwa Muhimbili kuanzia mwaka 1981, Profesa Donald McLarty akiwa mmoja wa waasisi wake, pamoja na madaktari wa Kitanzania kama Profesa Andrew Swai. Chama cha kisukari kikaundwa mwaka 1985. Mwaka 1990 madaktari hao walichapisha habari za wagonjwa wapya 1,250 waliosajiliwa Dar es Salaam kati ya mwaka 1981 na 1987. Miongoni mwa waliohitaji insulini na wakafariki, nusu waliuawa na damu kujaa asidi, jambo linalotokea insulini ikikosekana. Miongoni mwa wengine, waliouawa na maambukizi, moyo na figo ni wengi. Ukiitazama orodha hiyo utaona ni vitu vile vile anavyoviogopa mpasuaji: maambukizi, moyo, figo na asidi ya damu.

Mwaka 1989 wataalamu hao hao walikuwa wamechapisha uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania. Walipima watu zaidi ya 6,000, na wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 katika kila 100 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima na umri wa waliopimwa havikuwa sawasawa, kwa hiyo tusizilinganishe tarakimu hizo kama vile kupima mpunga kwa debe moja. Hata hivyo, hakuna anayeweza kukana kwamba ugonjwa umeongezeka. Jambo ambalo mwaka 1989 lingempata mgonjwa mmoja mmoja wa uvimbe wa ubongo, leo linawapata wengi, na familia za vijijini zimo.

Na hapa ndipo ninapowageukia ndugu zangu wa Bujonde, na wote walio mbali na hospitali kubwa.

La kwanza, msifiche kisukari. Nimesikia watu wakishauriana kwamba wasiseme mgonjwa ana sukari, ili asije akakataliwa. Sukari haifichiki; kipimo kitaisema. Lakini kuficha kunapoteza siku, na mtoa dawa ya usingizi anahitaji kujua mapema ni vidonge gani mgonjwa anatumia, kwa sababu vipo vinavyosimamishwa kabla ya upasuaji na vipo visivyopaswa kusimamishwa ghafla. Chukueni daftari la kliniki, chukueni na dawa zenyewe katika mfuko, mziweke mezani.

La pili, mkiambiwa msubiri, ulizeni mnasubiri nini na kwa muda gani. Si kila mgonjwa husubirishwa. Mtu anayepoteza fahamu au macho hupasuliwa upesi, huku sukari ikishushwa kwa insulini ya dripu hapo hapo. Anayesubirishwa ni yule ambaye uvimbe wake unakua polepole, na ambaye siku kadhaa au wiki chache za kumwandaa zitampunguzia hatari. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, ambacho msingi wake uliwekwa na Samuel Rahbar wa Iran mwaka 1968. Kinamwambia daktari kama sukari imepanda juzi kwa sababu ya dawa, au imekuwa juu siku zote. Mna haki ya kuelezwa. Neno "subirini" bila maelezo ndilo linalowafukuza watu hospitali, na hilo ni kosa la wahudumu, si la familia.

La tatu, upasuaji wa Muhimbili unaanzia Bujonde. Sukari iliyodhibitiwa nyumbani ni nauli iliyookolewa. Najua ninawaambia watu wanaolima mchele unaosifiwa nchi nzima, na simwambii mtu auchukie wali wake. Nasema sahani ipungue, mboga na maharage viongezeke, usipa na mbasa wawepo, na chai yenye vijiko vinne vya sukari iachwe. Aliye kwenye insulini asiikatishe kwa sababu tu kichwa kinamuuma na hali vizuri. Aende akapimwe apangiwe upya. Joto la kando ya ziwa huharibu insulini. Asiye na jokofu aitunze ndani ya chombo kisichopitisha maji, akiweke kwenye chungu kilicholowanishwa, kivulini. Na mgonjwa aliye wodini asiletewe soda na ndugu kwa kumwonea huruma, wala asinyimwe chakula alichoandikiwa.

La nne linawahusu wenye mamlaka. Mgonjwa wa kichwa anayetoka kata ya mbali hupita zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa. Katika vituo vyote hivyo angeweza kupimwa sukari kwa tone la damu, majibu yakaandikwa kwenye barua ya rufaa, na tiba ikaanza siku hiyo hiyo. Zamani waganga wetu wa zahanati walichemsha mkojo na dawa ya buluu; ukigeuka rangi ya tofali, walijua. Leo ipo mashine inayoingia mfukoni. Lakini mashine bila vijiti vyake vya kupimia ni kama bunduki isiyo na risasi, na vijiti hivyo mara nyingi ndivyo vinavyokosekana. Bei ya boksi moja la vijiti ni ndogo kuliko gharama ya kumlaza mgonjwa na ndugu zake wawili mjini kwa wiki moja zaidi. Diwani, mbunge na mganga mkuu wa wilaya wanaweza kulifanya hesabu hilo bila kumwita mtaalamu kutoka ng'ambo.

Pale London mwaka 1884 uvimbe ulitolewa vizuri, na mgonjwa akafa kwa jambo ambalo halikuwa kwenye fikra za waliokuwa wakishangilia. Tangu wakati huo wapasuaji wamejifunza kuangalia kila kinachozunguka kisu: vijidudu, shinikizo la damu, maji ya ubongo, na sukari. Wanapomwambia mtu asubiri sukari ishuke, wanatumia somo lililolipiwa kwa maisha ya watu wengi. Wajibu wao ni kulieleza, na wajibu wa serikali ni kuhakikisha kipimo na insulini havikosekani njiani. Wajibu wetu sisi wenye wagonjwa ni kusema ukweli, kuuliza bila woga, na kutomtoa mgonjwa wodini kabla jibu halijapatikana.